Dosye inafia kituo cha polisi kabla jaji hajaiona

Mheshimiwa Mhariri,

Kila mara wezi wanapovunja nyumba Katuba, Ruashi au Bel-Air, kilio ni kile kile: wapelekwe mahakama ya kijeshi, wapewe kifo, na serikali ikisita, raia wachukue tairi na petroli. Hasira hiyo tunaielewa. Mtu aliyeibiwa mtaji wa mwaka mzima usiku mmoja huwezi kumwambia atulie. Lakini sisi tunaosimama katika kesi za jinai hapa Lubumbashi, mara upande wa mshtakiwa, mara upande wa aliyeibiwa, tunaona kwamba ukali wa sheria haujapungua popote. Kinachopungua ni dosye, yaani faili la kesi.

Sheria ya adhabu ya 30 Januari 1940 haina huruma. Wizi wa kawaida unafika miaka 5. Mwizi akivunja mlango, akipanda ukuta, au akiingia usiku ndani ya nyumba inayokaliwa, inakuwa hadi 10. Akitumia nguvu, ni kuanzia 5 hadi 20. Wizi wa kutumia silaha ni kifo, kundi la wahalifu ni kifo. Kwa zaidi ya miaka 20 adhabu hiyo ilitamkwa bila kutekelezwa, mpaka Machi 2024 waziri wa sheria alipoondoa kizuizi kilichokuwapo tangu 2003, na waraka wake ukataja waziwazi ujambazi wa mjini unaoua watu. Kwa hiyo anayedai sheria kali anadai kitu kilichoko tayari mezani. Mwizi hafungui kitabu cha sheria kabla ya kutoka nyumbani. Anapima mambo mawili tu: je, watanishika, na wakinishika, kutoka ni bei gani?

Bei hiyo inapangwa ndani ya saa 48 za kwanza, katika kasho (mahabusu) la polisi, na karatasi inayoipanga ni PV, yaani maandishi rasmi ya polisi juu ya tukio.

Tuseme mambo yanavyotakiwa kwenda. OPJ, yaani afisa wa polisi anayepeleleza makosa, akimkamata mtu anaandika saa na mahali pa kumkamata, kosa analoshukiwa, nani alimwona akifanya nini, vitu vilivyopatikana na vilipatikana kwa nani. Kila kitu kilichochukuliwa kinaandikiwa PV ya kukamata mali, kinatiwa alama, mtu aliyenyang'anywa anatia sahihi, kisha kitu kinafuatana na dosye hadi parke (ofisi ya waendesha mashtaka) na hadi grefi (ofisi ya makarani) ya mahakama. Shahidi anaandikwa kwa avenyu, namba ya nyumba, kartye (mtaa) na komine (wilaya ya mji), kwa sababu siku ya kesi mtu wa grefi atatakiwa kumpelekea mwito. Aliyejeruhiwa anapewa hati ya kumpeleka kwa daktari siku ile ile, maana jeraha halimngojei jaji.

Sasa tuseme tunachokikuta tunapofungua dosye zenyewe. Nusu ukurasa. "Alishikwa na umati akiiba, amekiri." Saa hakuna. Shahidi ni "jirani", bila jina wala namba ya nyumba. Kisu kimetajwa, lakini PV ya kukikamata haipo, na kisu chenyewe hakijulikani kiliko. Simu iliyoibiwa imeandikwa "telefone moja nyeusi". Mbele ya jaji, telefone moja nyeusi ni simu ya kila mtu. Au jambo baya zaidi: vitu vilikamatwa, vikabaki kituoni "kwa uchunguzi", na baada ya wiki tatu hakuna anayevikumbuka.

Kuna na ule utambuzi wa kituoni. Aliyeibiwa anaonyeshwa kijana mmoja, peke yake, amekaa chini, uso umevimba, anaulizwa: ni huyu? Wengi watasema ndiyo, tena kwa moyo safi. Utambuzi unaofaa ni kumsimamisha kati ya wengine watano au sita wa umri na umbo linalofanana naye, na kuandika kwenye PV jinsi ilivyofanyika. Hauhitaji mashine wala pesa.

Na kukiri. Kukiri kunakopatikana kwa fimbo ndiko kunakofungua mlango wa jambazi wa kweli. Tangu sheria ya 9 Julai 2011 kutesa ni kosa la jinai lenyewe, lakini tuweke haki kando kidogo, tuzungumze kazi tu: OPJ aliyepata neno "nimekubali" anaacha kutafuta. Hamfuati mnunuzi, haendi kwa mashahidi, hachukui namba ya silaha. Siku ya kesi mshtakiwa anasema alipigwa, anaonyesha makovu, na jaji ana haki ya kuyapima maneno yale na kuyatupa. Chini yake hakuna kitu kingine. Mashaka yanamwendea mshtakiwa, anaachiliwa, na mtaani watu wanasema jaji amekula. Mara nyingine amekula kweli, hatutaficha hilo. Lakini mara nyingi tunazoziona hakukuwa hata na cha kumhongea: dosye ilikuwa tupu.

Bunduki ya kivita haiuzwi dukani. Kila moja ina namba ya mtambo, na namba hiyo inaweza kuonyesha ilitoka ghala gani. PV isiyo na namba hiyo imemlinda aliyeikodisha.

Jina la kosa nalo ni bidhaa. Wizi wa hadi miaka 5 unahukumiwa na Tripaix, yaani Mahakama ya Amani. Zaidi ya hapo ni TGI, mahakama iliyo juu yake, mbele ya majaji 3. Kijana aliyeshikwa na simu sokoni, mwenye kisu mfukoni ambacho hakukitoa, anaandikwa "wizi wa silaha". Dosye inapanda TGI, inachunguzwa, inaonekana si ya huko, inarudi. Miezi imekwenda na yeye yuko Kasapa, gereza la Lubumbashi. Upande wa pili, watu wanne walioingia nyumbani kwa nguvu wanaandikwa "wizi wa kawaida", na kutoka hapo mazungumzo ya pesa yanaanza. Vivyo hivyo mahakama ya kijeshi: Katiba, artikle 156, inasema mahakama hizo ni za wanajeshi na polisi, ilhali sheria ya 2002 ya mahakama za kijeshi inawavuta huko raia waliotumia silaha za kivita. Mawakili na waendesha mashtaka wa kijeshi wanaweza kubishana juu ya mlango upi uingiliwe muda mrefu kuliko kesi yenyewe. Hata vikao vya flagranti, vilivyowekwa na sheria ya 1978 ili aliyeshikwa papo hapo ahukumiwe haraka, haviponyi PV mbovu. Vinaifikisha mbele ya jaji mapema, basi.

Kuhusu pesa, familia nyingi zinachanganya malipo matatu, na wanaopokea wanapenda yabaki yamechanganyika. La kwanza ni amande, yaani faini, ya kumaliza shauri bila mahakama. Inafaa tu pale ambapo hata mahakama ingetoa faini peke yake, na inaingia hazina ya serikali: unapewa hati ya malipo ya DGRAD, idara ya serikali inayokusanya mapato, unalipa benki, unarudi na risiti. La pili ni dhamana ya uhuru wa muda. Hiyo inawekwa grefi, kwa risiti, na inarudi kama mshtakiwa alifika kila alipoitwa. La tatu halina hati, halina benki, halina risiti, na huwa linaitwa "karatasi", "mafuta ya gari" au "kahawa ya chef". Kutoa malalamiko polisi ni bure. Kumwona ndugu yako kasho na kumpelekea chakula ni bure. Ni kweli kwamba kituo mara nyingi hakina karatasi, hakina wino, hakina gari, na mshahara wa polisi haufiki mwisho wa mwezi. Anayeandika juu ya hongo bila kusema hivyo haijui kazi ile. Lakini matokeo ni haya: mama aliyeibiwa biashara yake sokoni Kenya, komine ya hapa Lubumbashi, anaombwa nauli ya polisi watatu, analipa, anaambiwa arudi kesho, anarudi, mara ya tatu anaacha. Mwizi wake ametoka bila hata kukana.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalojaza makasho ya mji huu kuliko wizi unavyoyajaza, nalo ni madeni. Mtu amekopa, hajalipa. Mkopeshaji haendi mahakama ya madai. Anakwenda polisi, anatoa kitu kidogo, na OPJ anaandika abi de konfiansi (kula mali uliyokabidhiwa) au eskrokeri (utapeli), makosa yenye miezi 3 hadi miaka 5. Mdeni anakaa kasho mpaka ndugu wachange. Wakichanga, OPJ anakata fungu lake. Katiba, artikle 61, imekataza kufungwa kwa ajili ya deni, hata wakati wa hali ya hatari. Tofauti ni rahisi na kila mtu anaweza kuishika. Abi de konfiansi inahitaji kwamba nilikukabidhi kitu ili unirudishie kile kile, au ukitumie kwa kazi niliyokutaja: nilikupa gari ulitunze ukaliuza, nilikupa dola 300 ununue saruji yangu ukazila. Nikikukopesha dola 300 zikawa zako, ukashindwa kurudisha, hiyo ni deni, na hata ungekuwa mwongo namna gani, polisi hana kazi hapo. Eskrokeri nayo inahitaji hila iliyonifanya nitoe mali: jina la bandia, kampuni isiyokuwepo. Kuchelewa kwa likelemba, ule mchango wa zamu, si hila.

Na kila saa OPJ anayoitumia kuwa mkusanya madeni ni saa aliyoinyima kesi ya nyumba iliyovunjwa. Tunaomba wale wanaodai usalama waone hilo: kuwafungia wasio na kosa na kuwaachia wenye kosa ni kazi moja, inafanywa na mtu yule yule, mchana ule ule.

Baada ya polisi ni parke. Katiba, artikle 18: mtu aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, baada ya saa 48 aachiliwe au akabidhiwe kwa majistra, yaani mwendesha mashtaka wa parke. Haikusema "isipokuwa Jumapili". Ndiyo maana wengi wanakamatwa Ijumaa jioni: wikendi ni soko. Majistra akiona dalili nzito na kosa lenye adhabu ya angalau miezi 6, anaweza kutoa hati ya muda ya kumshikilia mtu, ile MAP, lakini ndani ya siku 5 lazima amfikishe mtu mbele ya jaji wa Tripaix katika kikao cha faragha. Jaji akikubali, anatoa siku 15. Baada ya hapo ni mwezi kwa mwezi, na kwa makosa ya miezi 6 au zaidi hairuhusiwi kufanya upya nyongeza hiyo zaidi ya mara 3 mfululizo. Ikizidi, jaji lazima aamue katika kikao cha wazi, watu wakisikia.

Haya yote yako katika sheria ya 6 Agosti 1959. Yanaharibikia wapi? Kwenye tarehe. Hati ya siku 15 inakwisha, dosye iko kabatini kwa majistra aliyehamishwa, hakuna aliyeomba nyongeza, na mtu yuko Kasapa bila karatasi yoyote inayomshikilia. Gereza halimtoi kwa sababu halikuandikiwa limtoe. Parke haiandiki kwa sababu haimkumbuki. Mawakili nao wasijifiche: kuna anayepokea malipo ya kwanza na asionekane siku ya kikao cha faragha, kikao ambacho dakika 10 za hoja zinaweza kumwokolea mtu miezi.

Ndani ya gereza, kanuni ya 1965 ilikwisha kutaka wanaongoja hukumu watengwe na waliohukumiwa. Kasapa imejaa kupita kiasi, na msongamano hautengi mtu. Kijana wa simu anapangiwa pa kulala na kapita, msimamizi ambaye naye ni mfungwa, analipa ili asisafishe choo, na asiye na ndugu wa kumletea unga anatafuta mlinzi. Mlinzi huyo ndiye mwajiri wake siku ya kutoka. Makundi yanayoogopwa mitaani hupata vijana wao humo, kwa gharama ya serikali. Septemba 2020 wafungwa wa Kasapa waliasi, sehemu ya gereza ikateketea, na wanawake wafungwa wakabakwa kwa siku kadhaa. Makala, Kinshasa, iliyojengwa kwa watu 1,500, ilikuwa na watu mara kadhaa ya idadi hiyo usiku wa Septemba 2024 watu zaidi ya 120 walipokufa. Wengi katika magereza haya hawakuwa wamehukumiwa kwa lolote.

Watoto: sheria ya 10 Januari 2009 inasema wa chini ya miaka 14 hashtakiwi kabisa, na wa chini ya 18 ni wa Mahakama ya Watoto. Ushahidi wa umri ukipungua, sheria inamhesabu kuwa mtoto. Polisi wanafanya kinyume: asiye na cheti cha kuzaliwa wanamwandikia 18. Familia zipeleke chochote: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kitabu cha shule.

Kwa ubakaji tuna neno moja tu. Sheria za 20 Julai 2006 zimekataza amande, na zimeagiza uchunguzi wa mwezi 1 na hukumu ndani ya miezi 3. Yeyote anayewakalisha baba wa pande mbili kituoni "wapatane" anavunja sheria hiyo.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu sababu, na jibu la haraka ni umaskini. Umaskini upo: zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines, shirika la madini la serikali, mwaka 2003 kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na kuna avenyu ambazo hazijainuka tangu siku hiyo. Lakini maskini wengi hawaibi, na wizi unaoliumiza zaidi jiji hauendeshwi na njaa ya mtu mmoja. Tazama nyaya za shaba za umeme. Zinakatwa usiku, wakati umeme umekatika, maana mwizi anajua ratiba kuliko sisi. Plastiki inachomwa porini ili alama zipotee, shaba inapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na asubuhi kartye nzima haina umeme, usiku unaofuata haina taa, na giza hilo linaita wizi mwingine. Anayeshikwa ni mbebaji wa gunia. Sheria ya adhabu inamjua pia anayenunua huku akijua, ina kosa lake, lakini dosye zenye jina la mnunuzi ni nadra kama mvua ya Julai. Shaba iliyochomwa haidanganyi: ina rangi ya moshi, ina mabaki ya plastiki. Anayeinunua kwa kilo 40 saa za alfajiri anajua. OPJ akitaka kazi yenye matunda, aanzie kwenye mizani.

Familia yenye mtu aliyekamatwa ifanye hivi. Andika saa aliyokamatwa, siku ile ile. Uliza jina la OPJ na jina la kosa. Ukinyimwa, andika kwamba ulinyimwa. Omba jina lake liingizwe katika daftari la kasho mbele yako. Mshtakiwa asitie sahihi PV asiyosomewa katika Kiswahili, na kama kuna lisilo kweli, aombe liandikwe kabla ya sahihi. Saa 48 zikifika, dai apelekwe parke. Parke, usiondoke bila namba ya RMP, yaani namba ya dosye katika daftari la parke. Bila namba hiyo hakuna dosye, kuna uvumi tu. Kesi ikifika mahakamani itapata namba ya RP, namba ya kesi katika daftari la mahakama, iandike nayo. Asiye na pesa aende kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya mawakili. OPJ anayefunga mtu bila sababu ya sheria anatenda kosa lenye mwaka 1 hadi 5, na malalamiko dhidi yake yanaandikwa kwa mkuu wa parke, nakala mbili, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa.

Na aliyeibiwa: bonyeza leo *#06# kwenye simu yako, uandike ile namba ya tarakimu 15 na uiweke nje ya simu. Kwa pikipiki ni namba ya shasi. Kwa namba hiyo majistra anaweza kuyaandikia makampuni ya simu yaonyeshe laini gani imeingizwa. Bila hiyo, turudi kwenye telefone moja nyeusi.

Kwa wakubwa tunaomba mambo machache yasiyohitaji msaada wa wazungu. Majistra wa parke wakague makasho bila kutangaza siku, na waanze Jumamosi. Grefi ya Kasapa itoe kila Jumatatu orodha ya watu ambao tarehe za hati zao zimepita, iende kwa mkuu wa parke na kwa mkuu wa mawakili kwa pamoja. Kila kituo kibandike ukutani, kwa Kiswahili, kwamba malalamiko ni bure na amande inalipwa benki.

Na kwenu gazeti tuna ombi. Mnapochapisha picha za vijana waliokalishwa chini mbele ya wakuu, na silaha zimepangwa miguuni mwao, hao bado hawajahukumiwa, na Katiba inawahesabu kuwa hawana hatia. Mwulize aliyewaonyesha namba ya RMP ya kila mmoja. Rudini baada ya miezi 3 na namba hizo parke na mahakamani, mchapishe yaliyotokea: nani alihukumiwa, nani aliachiliwa na kwa sababu gani, na zile silaha za kwenye picha ziliandikwa kwenye PV ipi.

Watetezi wa mahakamani na wanasheria wa kesi za jinai,
Lubumbashi